Grili ya Dirisha Ifunguke kwa Ndani

Sokoni Masimba, katika eneobunge la Nyaribari Masaba kaunti ya Kisii, kama ilivyo Keroka, Nyamira mjini na kila soko la Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, lililofikiwa na umeme, karakana ya vyuma ni biashara isiyokosa wateja. Fundi huchora umbo la dirisha kwa chaki juu ya sakafu ya simiti, akapanga vyuma bapa na vyuma vya mraba kufuata mchoro, vingine akavisokota kwanza kwenye jiriwa, kisha akavichomelea kiungo baada ya kiungo. Vinundu vilivyobaki kwenye maungio husagwa kwa mashine ya mkono, inafuata rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya udongo, na grili inaegemezwa ukutani kando ya barabara pamoja na milango na mageti, ikingoja mwenyewe. Nyingine ina almasi, nyingine maua, nyingine miale ya jua linalochomoza, na mara kwa mara herufi za jina la familia. Ni kazi ya mikono ya kujivunia, na mtu aliyejenga nyumba ya matofali kwa jasho la majani chai na ndizi ana haki ya kuitaka iliyo nzuri. Lakini ukiitazama kwa karibu utaona jambo ambalo ni kama halimsumbui mtu: pembezoni mwake kuna vipande vifupi vya chuma vilivyopasuliwa ncha, na hivyo ndivyo vitakavyofukiwa ukutani kwa saruji kabla ya lipu kupigwa. Hakuna bawaba. Hakuna komeo. Ikishafukiwa, grili hiyo haitoki bila nyundo na patasi.

Ninachodai ni hiki: grili ya namna hiyo haifai kuwekwa katika chumba ambacho binadamu analala. Sisemi watu wang'oe vyuma madirishani na kulala wazi. Nasema kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja ambalo grili yake, au sehemu ya grili yake, inafunguliwa kutoka ndani kwa mkono mtupu, gizani, bila ufunguo. Na nasema jambo hilo lisiachiwe hiari ya mwenye nyumba peke yake, kwa sababu uzoefu wa nchi hii unaonyesha kwamba likiachwa hivyo halifanyiki mpaka watu wafe.

Hatari yenyewe wengi huipima vibaya. Tukifikiria moto wa nyumba tunafikiria miali, kumbe kinachoua kwanza ni moshi. Magodoro ya sponji, na sofa zilizojazwa sponji hiyohiyo, hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Zikiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi ya haidrojeni, gesi zinazomlegeza mtu na kumvuruga akili, mara nyingi kabla hajaamka sawasawa. Majaribio yaliyofanywa Marekani ya kuwasha moto katika sebule ya kawaida yenye samani za siku hizi yameonyesha kwamba chumba kizima huweza kulipuka moto katika muda usiofika dakika tano. Sasa weka muda huo katika nyumba ya Masimba saa nane za usiku. Nyanda hizi zina baridi, kwa hiyo madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa. Mlango wa mbele ni wa chuma, umetiwa kufuli kwa ndani, na ufunguo uko mahali anapopajua mzazi mmoja tu. Sebuleni, kati ya wanaolala na mlango huo, imeegeshwa pikipiki ya bodaboda, kwa kuwa ikiachwa nje haitakuwepo asubuhi, na tangi lake lina petroli. Jikoni kuna mtungi wa gesi au jiko la makaa. Moto ukianzia sebuleni, njia ya mlango imekatika. Limebaki dirisha la chumba cha kulala. Gari la zimamoto, hata likiondoka kituoni papo hapo, litakuta dakika tano zimepita zamani. Watakaofika ni majirani, na watakachoweza kufanya ni kushika vyuma vya dirisha kutoka nje na kuvivuta, navyo vilifukiwa na fundi aliyelipwa ili visivutike.

Ushahidi wa kile ambacho vyuma hivyo hufanya tunao, na ni ushahidi wa uchungu, kwa sababu umetoka katika mabweni ya shule. Machi 1998, moto uliozuka usiku katika Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, uliua wasichana wasiopungua 25 waliojikuta nyuma ya madirisha yenye vyuma. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Petroli ilikuwa imemwagwa na kuwashwa. Mlango mmoja kati ya miwili ya bweni ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na grili. Inafaa msomaji atulie kidogo kwenye jambo hilo. Aliyewasha moto ana hatia yake, na hatia hiyo haipunguzwi na chochote nitakachosema hapa. Lakini petroli peke yake haikutosha kuua watoto 67 ndani ya jengo lisilo na ghorofa, ambalo mtu mwenye miaka kumi na saba angeweza kuruka dirisha lake na kutua kwenye nyasi. Walikufa kwa wingi ule kwa sababu jengo lilizuia kutoka. Nchi jirani zina majina yao: shule ya sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro nchini Tanzania, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40; shule ya msingi ya Buddo, Uganda, Aprili 2008, wasichana 19, milango ikiwa imefungwa. Vyanzo vya moto vilitofautiana. Kilichofanana ni watoto wengi waliolala mahali penye njia chache za kutokea.

Serikali ya Kenya ilijifunza kitu. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na maneno yake kuhusu mabweni hayana utata. Madirisha yasiwe na grili, na yafunguke kuelekea nje kwa urahisi. Milango iwe na upana wa futi tano, nayo ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Kila bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Kati ya kitanda na kitanda iachwe nafasi ya mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita mbili. Aliyeandika hayo alikuwa ameelewa vizuri yaliyotokea Bombolulu na Kyanguli. Tatizo ni yaliyofuata. Mwaka 2016 zaidi ya shule mia moja zilichomwa nchini, na Kisii haikusazwa: mwezi Juni mwaka huo, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wavulana ya Itierio, waliokasirika kwa kunyimwa nafasi ya kutazama mechi ya kombe la Ulaya, waliteketeza mabweni saba. Hakuna aliyekufa Itierio, na kwa sababu hiyo watu wa Gusii hulikumbuka tukio hilo kama kisa cha utovu wa nidhamu, wala si onyo. Septemba 2017 wasichana kumi walikufa katika Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Ndipo, mwezi Novemba mwaka huo, wizara ikaamuru sehemu za bweni zifungwe katika shule za msingi 348 zilizoshindwa kutimiza viwango. Viwango hivyo vilikuwa na miaka kumi na sita.

Kuna pengo hapa ambalo sijaona likijadiliwa ipasavyo. Tangu 2008 dola inakiri kwa maandishi kwamba grili kwenye chumba cha kulala inaweza kuua, lakini imekiri hivyo kwa ajili ya shule tu. Mtoto yuleyule shule ikifungwa hurudi kwao Masimba, akalala wiki kadhaa nyuma ya grili iliyofukiwa kwa saruji, katika nyumba yenye mlango mmoja, wala hakuna afisa anayeulizia. Na nyumbani hali ni mbaya kuliko bwenini kwa namna moja: bweni lina mlinzi wa usiku na watu mia moja, mmoja wao huenda akawa macho, nyumbani wote wamelala. Tena kuna wakati ambapo hata hayupo mtu mzima. Mama aliyeenda kisimani au sokoni, asiye na wa kumwachia watoto, huwafungia ndani akiamini amewalinda. Sitamlaumu mama huyo hapa, maana hana chekechea ya karibu wala yaya wa kumlipa. Nasema tu kwamba mtoto wa miaka saba anayeweza kuvuta komeo moja na kusukuma grili anaweza kumtoa mdogo wake, na asiyeweza hana la kufanya ila kupiga kelele.

Mahali pa kazi sheria ipo, na ni nzuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mlango wa mahali pa kazi usifungwe kwa namna inayomzuia aliye ndani kuufungua upesi. Lakini tazama kibanda cha wakala wa M-Pesa katika soko lolote la Kisii au Nyamira. Mhudumu anakaa nyuma ya grili ya kutoka sakafuni hadi dari, yenye tundu la kupitishia pesa, mlango wake mdogo ukiwa na kufuli. Duka la dawa za mifugo lina grili hiyohiyo, na nyuma yake zimerundikwa kemikali zinazowaka. Nyuma zaidi kuna chumba anacholala kijana wa duka, ambacho dirisha lake ni dogo na lina vyuma, na wapo wenye maduka wanaomfungia kutoka nje ili wawe na hakika hatatoka na mali. Sheria ya 2007 inakataza hayo waziwazi. Haijafika sokoni kwa sababu hakuna anayeitembeza.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni la usalama, na lina uzito. Watu wa Gusii hawakuweka vyuma madirishani kwa ushamba au kwa kuiga majirani. Walivunjiwa. Hofu ya wezi wa usiku ilifika mahali ambapo wananchi waliunda Sungusungu, kundi la ulinzi lililoanza kwa kuwasaka wahalifu na likaishia kutisha, kutesa na kuua, hata likapigwa marufuku. Watu hawavumilii kundi kama hilo ila pale wanapoona polisi wako mbali na mwizi yuko karibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka kwa ghasia. Maduka na nyumba za Chepilat, soko la mpakani hapo, zilichomwa, na familia nyingi za upande wa Nyamira zilikimbia. Aliyepitia siku zile hawezi kuambiwa na mwandishi wa gazeti kwamba grili ni kitu cha ziada. Anajua bei yake.

Namjibu hivi. Kazi ya grili ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha apige kelele. Haina kazi nyingine. Grili iliyofukiwa nayo hukatwa kwa msumeno wa chuma au kutanuliwa kwa jeki ya gari, ila inachukua muda, na muda huo ndio mwenye nyumba anaununua. Sehemu ya grili inayofunguka, ikitengenezwa kwa vyuma vya unene uleule, ikiwa na bawaba nene zilizochomelewa upande wa ndani na komeo lililo imara, humchelewesha mwizi vilevile. Mtu wa nje haoni tofauti. Tofauti iko kwa aliye ndani. Na kuhusu nyumba zinazochomwa na wavamizi, kama zilivyochomwa Chepilat, hoja inageuka kabisa: adui anayekuja na petroli hahitaji kuingia kwako. Anahitaji usitoke. Grili iliyofukiwa inamfanyia kazi yeye.

Linabaki swali la mkono: mwizi atavunja kioo, atapenyeza mkono kati ya vyuma, atavuta komeo, ataingia. Ni swali la haki, na mafundi wa Masimba wana uwezo wa kulijibu kwa vifaa walivyo navyo. Komeo hufichwa ndani ya kisanduku cha bati nene kinacholifunika upande wa nje na pande za kando, kikaacha nafasi ya mkono kwa upande wa chumbani tu. Nafasi ya vyuma vilivyo jirani na kisanduku hicho huzibwa kwa wavu mzito au bamba ili mkono usipinde kukifikia. Marekani, ambako vyuma madirishani viliua familia katika miji mikubwa kabla ya sheria kubadilishwa, hutumika pia kikanyagio kilichowekwa karibu na sakafu, mbali na dirisha, kinachovuta komeo kwa waya wa chuma. Aliye ndani anakanyaga, grili inafunguka, na aliye nje hana mkono wa kufika huko. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazotumika katika majimbo mengi ya nchi hiyo zinaruhusu grili kwenye dirisha la dharura kwa sharti moja: iweze kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa, na bila nguvu isiyo ya kawaida. Zinataja pia vipimo. Uwazi usipungue sentimita 51 kwa upana na 61 kwa kimo, na eneo lake lote likaribie nusu mita mraba au zaidi kidogo. Kizingiti cha chini kisizidi takriban sentimita 112 kutoka sakafuni, ili mtoto na mzee waweze kupanda. Kwa fundi wa hapa, hiyo ni sehemu ya kufunguka yenye sentimita 60 kwa 90. Inatoshea katika madirisha mengi yanayojengwa leo. Madirisha ya chuma tunayotumia yanafunguka kuelekea nje, na grili iko ndani, kwa hiyo sehemu hiyo ifunguke kuelekea chumbani au iteleze pembeni, na kitanda kisiwekwe mahali pa kuizuia. Hayo ndiyo mambo ya kukaa na fundi na kuyazungumza kabla hajashika chaki.

Gharama ni pingamizi ninaloliheshimu kidogo zaidi ya linavyostahili, kwa kuwa najua nyumba nyingi zinajengwa chumba kwa chumba, mwaka hadi mwaka. Hata hivyo tuhesabu kinachoongezeka: bawaba mbili au tatu, komeo, fremu ndogo ya pili ndani ya fremu kubwa, kisanduku cha bati, na saa kadhaa za kazi. Mteja huyohuyo hulipa zaidi ili vyuma visokotwe na maua yachomelewe, mapambo yasiyozuia mwizi wala kumtoa mtu. Si lazima kila dirisha lifunguke. Moja kwa kila chumba cha kulala linatosha. Na nyumba ambazo tayari zina grili hazihitaji kubomolewa: fundi huja na mashine yake, akakata sehemu iliyopimwa, akaitia fremu na bawaba palepale ilipo. Kazi ya siku moja. Kwa mwenye nyumba yake mwenyewe, uzito wa gharama hiyo hauwezi kuwekwa kwenye mizani moja na uzito wa familia. Kwa mpangaji mambo ni tofauti. Anayepanga chumba kimoja plotini hana ruhusa ya kukata vyuma vya landilodi, na landilodi halali humo. Vyumba vya kupanga ndivyo vilivyobanana zaidi, vikiwa na mlango mmoja na dirisha moja, mtungi wa gesi chini ya dirisha hilohilo. Hapo hiari haiwezi kufanya kazi. Anayelipa na anayehatarishwa ni watu wawili. Ndiyo maana lazima kuwe na amri.

Walimu wakuu wana pingamizi lao, na hulisema kwa sauti ya chini kwa sababu wanajua mwongozo unawapinga. Wanasema bweni bila vyuma ni bweni ambalo wavulana wanatoka usiku kwenda disko matanga na wasichana wanaingiliwa na watu wa kijijini. Sidharau hofu hiyo. Mzazi anayempeleka binti shule ya bweni anataka alindwe, na mwalimu mkuu ndiye atakayeitwa mbele ya bodi likitokea baya. Lakini kutoroka shule kunazuiwa na ua, lango, taa za usiku, mlinzi aliyelipwa vizuri na matroni anayelala jirani na watoto. Hayo yana gharama ya kila mwezi. Grili hulipiwa mara moja. Tukisema ukweli, grili bwenini imekuwa njia ya kuokoa mshahara wa mlinzi. Na pale ambapo shule inaona kabisa kwamba haiwezi kuondoa vyuma vyote, iwe na vinavyofunguka kwa ndani na kuunganishwa na kengele inayolia dirisha likifunguliwa. Atakayetoroka atasikika. Hiyo ni nafuu ya muda tu, maana agizo la 2008 ni kuondoa, na mimi naliunga mkono jinsi lilivyo.

Kuna mahali ambapo hoja yangu ina mipaka, na ni vyema niitaje. Masimba na Keroka sasa zinapanda juu. Majengo ya ghorofa tatu na nne yanasimama yakiwa na maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Katika ghorofa za juu grili ina kazi nyingine ya maana, ya kuzuia mtoto asianguke, na dirisha linalofunguka kwenda hewani halimtoi mtu salama. Huko kinachookoa ni ngazi ya pili, na njia ya kuiendea isiyofungwa kwa lango la chuma lenye kufuli saa nne za usiku. Majengo mengi hayana ngazi hiyo ya pili, na malango hayo ya chuma kwenye vijia yamezidi. Lakini kwa nyumba ya chini, ambayo ndiyo nyumba ya watu wengi wa Kisii na Nyamira, dirisha liko mita moja tu kutoka ardhini. Ni njia iliyo tayari, na sisi ndio tulioiziba.

Wapo pia wanaosema ajali ni kudra na siku ya mtu ikifika imefika. Watu haohao wana imani ya kweli na siwabezi. Ila wanatia kufuli mlangoni kila usiku, kwa hiyo wameshakubali kwamba mwanadamu ana sehemu yake ya kufanya.

Nani afanye? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Jedwali hilohilo limezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa maneno mengine, serikali iliyo na wajibu wa kuzima moto Masimba ndiyo inayomfundisha kijana kuchomelea grili, na ndiyo inayoidhinisha ramani ya nyumba na kutoa leseni ya duka. Sioni taasisi nyingine yenye mikono mingi hivyo juu ya jambo moja. Kisii na Nyamira zinaweza kuagiza kesho kwamba mwanafunzi wa vyuma katika vyuo vyao asihitimu bila kutengeneza grili yenye sehemu ya kufunguka na komeo lililofichwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ambayo hutahini mafundi wa mitaani kwa mitihani ya daraja, inaweza kuiweka kazi hiyo katika mtihani. Naweka uzito hapa kwa mafundi kwa makusudi. Nyumba nyingi za vijijini hazipiti ofisi ya ramani hata siku moja, lakini hakuna grili isiyopita mikononi mwa fundi. Mteja akifika akasema anataka dirisha la futi nne kwa nne lenye maua, fundi anayeuliza ni chumba gani, na nani analala humo, amefanya kazi ambayo mkaguzi hawezi kuifanya.

Sishauri tuongeze cheti kingine cha kutundika ukutani. Septemba 11, 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistani, kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa ndani, madirisha yakiwa na vyuma na milango imefungwa. Wiki chache tu kabla ya hapo kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kutimiza viwango vya kazi. Cheti hicho hakikumfungulia mtu mlango. Kwa hiyo ukaguzi ninaoutaka ni wa mkono, na ni mfupi. Leseni za biashara za kaunti hulipiwa kila mwaka, na maafisa hupita duka kwa duka kuziangalia. Mwaka unapoanza, afisa akifika Masimba aingie hadi chumba cha nyuma, chumba cha kupanga na kibanda cha wakala, amwambie anayelala au kufanya kazi humo afumbe macho na afungue njia ya kutokea bila ufunguo. Akishindwa, leseni isubiri mpaka fundi wa hapo sokoni aitwe na mashine yake.